Vifaa vya kukusanyia samaki katika uvuvi wa vibua na dagaa: tukubaliane kuhusu wavu kabla ya kushusha nanga

Wadau wa bahari, salaam.

Ninafungua mjadala huu kwa sababu vifaa vya kukusanyia samaki vinapendekezwa karibu kila wanapotajwa wavuvi wadogo wa pwani, na mapendekezo mengi yanaishia kwenye kamba, boya na nanga. Ninazungumzia vile vinavyofungwa mahali pamoja kwa nanga, vikatundikiwa makuti au vipande vya kamba chini ya boya ili samaki wa maji ya juu wakusanyike hapo. Vile vinavyoachwa vielee bahari kuu kwa ajili ya meli za jodari vina mjadala wake, nami nitavigusa pale tu vinapotufundisha jambo. Hoja yangu ni moja. Kwa samaki wadogo wa maji ya juu, yaani vibua, dagaa, simu na jamii ya kolekole wadogo, kinachoamua kama kifaa kitaleta neema au hasara ni kanuni ya nani anaruhusiwa kuvua hapo, kwa zana gani na wakati gani. Ubora wa boya unafuata baadaye.

Tuanze na kinachotokea majini. Kifaa hakizai samaki. Huchukua samaki waliokuwa wametawanyika katika eneo kubwa na kuwaweka pamoja mahali panapojulikana, kwa hiyo kinachoongezeka ni urahisi wa kuwapata. Mwamba bandia unaowekwa sakafuni mwa bahari unaweza, baada ya miaka mingi, kuongeza maficho na malisho ya samaki wa miambani. Boya linaloelea juu ya maji yenye kina halina uwezo huo, kwa kuwa ukoga na viumbe vidogo vinavyoota kwenye kamba zake haviwezi kulisha kundi zima la vibua.

Kwa nini basi samaki hukaa hapo? Maelezo ya zamani yalitaja kivuli na maficho dhidi ya maadui, na bado yana nafasi yake. Watafiti Laurent Dagorn na Pierre Fréon walipendekeza jambo jingine: kitu kinachoelea ni mahali pa kukutania. Samaki anayeishi kwa kundi huwa hatarini akiwa peke yake, na katika bahari isiyo na alama yoyote, kitu hicho humpa pa kwenda ili awapate wenzake. Katika kisiwa cha Réunion, Bahari ya Hindi, lilifanywa jaribio kwa samaki wa jamii ya kolekole mwenye macho makubwa, Selar crumenophthalmus, ambaye alipachikwa vitambulishi vinavyotoa mawimbi ya sauti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yaliunga mkono maelezo hayo. Samaki huyo hukaa kundini mchana na hutawanyika usiku kutafuta chakula, kwa hiyo mvuvi anayemfahamu hashangai kuona idadi ya samaki chini ya boya ikibadilika sana kati ya machweo na alfajiri.

Mtu akikisogelea kifaa kilichokaa vizuri, asubuhi bahari ikiwa shwari, akazima injini na kutazama chini, ataona mpangilio ulio wazi. Samaki wadogo kabisa wamejibana kwenye makuti. Vibua wamejipanga mbele kidogo, upande mkondo unakotoka, vichwa vyote vikiuelekea mkondo. Chini zaidi hupita sehewa au nguru, bila haraka, wakisubiri mmoja ajitenge. Ndiyo maana wavuvi wenye uzoefu huanza kushusha mshipi upande huo wa juu wa mkondo na kuacha chombo kisukumwe polepole kuelekea kwenye boya, badala ya kufunga chombo kwenye boya lenyewe, jambo ambalo huvuta nanga na kuchosha kamba.

Hatari inaanzia hapo hapo palipo na uzuri. Samaki wa makundi huendelea kujikusanya hata wanapopungua, kwa hiyo vyombo vinaweza kurudi vimejaa mwaka wa kwanza, wa pili na hata wa tatu huku idadi yao baharini ikishuka. Kipimo tunachokitegemea sote, yaani kiasi cha samaki kwa safari, hakioneshi upungufu huo mpaka umekuwa mkubwa. Dagaa wa Peru hawakuvuliwa kwa vifaa hivi, lakini tabia yao ya kukaa makundi inatosha kutufundisha: mavuno yalizidi tani milioni 12 mwaka 1970, na kufikia mwaka 1973 yalikuwa yameporomoka hadi takriban tani milioni 2, baada ya uvuvi mzito kukutana na El Niño ya mwaka 1972, yaani kipindi cha maji ya Pasifiki kupata joto lisilo la kawaida. Ni kweli kwamba samaki wadogo hukua haraka, huzaa mara nyingi na hurejea wakipewa nafasi. Lakini wingi wao hupanda na kushuka kwa hali ya bahari ambayo hakuna mvuvi anayeiongoza, na katika mwaka mbaya kifaa huwaweka wazi wale wachache waliobaki, katika kipindi ambacho kila mmoja anatamani kuzungusha wavu.

Tutazame basi zana. Mvuvi mwenye mshipi wa ndoano ndogo nyingi zilizofungwa manyoya anaweza kutoa vibua kwenye kifaa kwa saa kadhaa na bado akaliacha kundi mahali pake, kwa sababu ndoano hupokea wachache kwa wakati na samaki huacha kula wanaposhiba au kushtuka. Wavu wa kuzungusha hutoa kundi zima kwa mkupuo mmoja. Tukiongeza taa usiku wa giza juu ya kifaa kile kile, tunakuwa tumeunganisha vivutio viwili mahali pamoja, na wavu unapofungwa huchukua vibua wakubwa, watoto wa kolekole, jodari wadogo na kila kilichokuwa kimejificha kwenye makuti. Zaidi ya hayo, vibua ndio chambo cha kifaa. Nguru, fulusi na sehewa huja hapo kwa sababu kuna cha kula, na anayezoa vibua wote asubuhi amewanyima wavuvi wa mshipi na wa kukokota chambo samaki wakubwa wa wiki nzima. Hasara hiyo ya pili haipimwi sokoni siku ile, na kwa hiyo husahaulika.

Nchi zilizokaa na vifaa hivi muda mrefu zimelazimika kuweka kanuni, na nyingine zimeziweka baada ya kuumia. Nchini Indonesia, ambako vinaitwa rumpon, kanuni ya wizara ya mwaka 2014 ilidai kibali, ikataka umbali usiopungua maili 10 za baharini kati ya kifaa na kifaa, na ikakataza kuvipanga kwa namna inayofanya uzio unaozuia njia ya samaki. Sababu ya katazo hilo ni kwamba vifaa vingi vilivyopangwa mbali na pwani huweza kuwazuilia samaki huko nje, na mvuvi mwenye chombo kidogo akabaki anasubiri samaki wasiofika. Huko Malta wavuvi hutumia vifaa vya namna hii kuvua fulusi, na njia za kuvipanga baharini hugawanywa kwa kura kila msimu, ili asiwepo anayejimilikisha sehemu nzuri daima. Mwaka 2006 nchi zinazovua Mediterania zilikubaliana kwamba fulusi wasivuliwe kwa vifaa hivi kuanzia tarehe 1 Januari hadi 14 Agosti, ili wapate kukua. Ufilipino, ambako vifaa hivi huitwa payao na hutengenezwa kwa mianzi, iliweka kuanzia mwaka 2015 msimu wa kufunga uvuvi wa samaki wadogo wa maji ya juu wa jamii ya Decapterus kaskazini mwa Palawan, kati ya Novemba na Januari. Sisemi kanuni hizi zinafuatwa na kila mtu kila siku. Ninasema kwamba umbali, zamu na mapumziko ni mambo yaliyojaribiwa baharini, na hakuna haja ya kuyabuni upya.

Sasa niseme kidogo kuhusu kamba, kwa sababu kifaa kinachokatika baada ya miezi michache hakistahili hata kuundiwa kanuni. Nailoni huzama katika maji ya bahari na polipropilini huelea. Katika maji yenye kina kirefu, sehemu ya juu ya kamba huwa nailoni ili inapolegea ishuke chini na isikatwe na pangaboi za vyombo, na sehemu ya chini huwa polipropilini ili ijiinue na isisuguane na mawe ya sakafuni. Mafundi wanaobadilisha mpangilio huo kwa kuwa kamba moja ilikuwa rahisi dukani hukitoa kifaa sadaka. Jiwe la zege la kilo 1,000 hubaki na uzito wa takriban kilo 570 likiwa majini, wakati chuma cha uzito huo huo hubaki na takriban kilo 870, kwa hiyo anayepiga hesabu ya nanga akiwa nchi kavu anajidanganya. Nguvu ya mkondo nayo hukua kwa mraba wa kasi: mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, mvuto kwenye boya na kamba huwa mara nne, na chaza na ukoga vikishaota, mvuto huo huongezeka zaidi na boya huanza kuzama.

Sehemu inayokatika mara nyingi si kamba yenyewe, ni viungo. Chukua shakeli, yaani pingu ya chuma yenye pini inayounganisha kamba na mnyororo, iliyokaa baharini kwa msimu mzima, ikwangue kwa kisu mpaka ukutane na chuma kisafi, kisha tazama upande wa ndani wa mkunjo mahali mnyororo ulipokuwa unasugua. Utakuta pamechimbika kama mtaro, nje bado panaonekana pazima. Mahali ambapo chuma kisichoshika kutu kimeunganishwa na chuma kilichopakwa zinki, hiki cha pili huliwa haraka sana, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi moja huiharibu nyingine. Viungo vyote viwe vya metali ya aina moja, na pini ya shakeli ifungwe kwa waya ili isijifungue yenyewe. Kazi ya kukagua mita chache za juu kila mwezi ni ndogo mno ikilinganishwa na kupoteza kifaa kizima.

Nimefika hapo. Karibuni kwa hoja, hasa za kupinga.

Mchangiaji wa kwanza:

Asante kwa mada, ndugu. Mimi ni nahodha wa chombo cha ringneti, yaani wavu wa kuzungusha, na naona umetupangia sisi wenye nyavu nafasi ya mshtakiwa. Dagaa havuliwi kwa ndoano. Anayetaka dagaa wa kulisha watu wengi atatumia wavu, taa na usiku wa giza, hakuna njia nyingine. Mkisema kifaa ni cha mshipi peke yake, mmelitenga kundi kubwa la wavuvi na mmewapa wachache eneo la bahari ambalo ni la wote. Pia mjue kwamba mabaharia wangu nao wana familia.

Mtoa mada:

Nahodha wangu, umesema kweli kuhusu dagaa, na sikusudii kuwafungia bahari. Ninachopinga ni wavu na taa kutumika juu ya kifaa. Dagaa wanaitika taa popote walipo katika eneo lao. Hawahitaji boya lililofungwa mahali pamoja. Kwa hiyo kugawana kunawezekana bila upande wowote kufukuzwa: kijiji au umoja wa wavuvi unachora mduara kuzunguka kifaa, ndani yake hakuna kuzungusha wavu, na nje yake shughuli ya taa inaendelea kama kawaida. Upana wa mduara ukubalike kwa pamoja, kwa kuzingatia urefu wa nyavu zenu na nguvu ya mkondo, ili wavu uliotupwa nje usisukumwe ukanase kwenye kamba ya nanga. Hilo linawalinda nanyi, kwa maana wavu ulionasa kwenye kamba ya nanga hutoka umechanika.

Kuna pia njia ya kutenga vifaa viwili, kimoja cha mshipi na kimoja ambacho wavu unaruhusiwa siku chache maalumu. Mimi binafsi sipendelei njia hiyo ya pili kwa sababu siku maalumu huwa rahisi kuongezwa kimya kimya, lakini ikisimamiwa na wavuvi wenyewe, na mavuno ya kila zamu yakaandikwa, inaweza kuvumilika. Jambo moja nakuomba ulifanye bila kusubiri kanuni yoyote. Wavu ukishatoka, chukua samaki bila kuchagua, ujaze ndoo moja, kisha pasua matumbo. Vibua wengi wakiwa hawana mayai wala mbegu zilizokomaa, basi unavua watoto, na mapato ya mwaka ujao yamo ndani ya ndoo hiyo.

Mchangiaji wa pili:

Habari zenu. Mimi ninanunua vibua na dagaa ufukweni, ninakaanga na kukausha. Mnazungumza habari za wavuvi kana kwamba samaki wakishatua wamekwisha. Vyombo vyote vikija vimejaa siku moja, bei inaanguka, chanja hazitoshi, na kinachobaki kinaoza. Siku tatu zinazofuata hakuna kitu. Je, kifaa hiki kitatupunguzia tatizo hilo au kitaliongeza?

Mtoa mada:

Dada, swali lako lilipaswa kuwa la kwanza. Kifaa kinaweza kufanya yote mawili, na tofauti inarudi kwenye zana. Mshipi hutoa mavuno ya kiasi kwa siku nyingi, kwa sababu mvuvi anajua pa kwenda na hapotezi mafuta akitafuta. Wavu juu ya kifaa hutoa wingi wa siku moja ukifuatwa na ukimya mpaka kundi lijikusanye tena. Kwa mchakataji mwenye chanja chache na mtaji mdogo, njia ya kwanza ndiyo inayompa kazi wiki nzima.

Lipo jambo jingine linalohusu afya, na wanaopanga miradi hulipita haraka. Vibua, dagaa, jodari na jamaa zao wana kiasi kikubwa cha histidini, kiini kimojawapo cha protini, katika nyama zao. Samaki akiachwa kwenye joto, bakteria huigeuza kuwa histamini, ambayo humletea mlaji uso kuwa mwekundu, kuumwa kichwa, kuwashwa na kutapika. Histamini ikishatengenezwa haiondolewi kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Barafu lazima iingie ndani ya chombo kabla ya kwenda baharini. Inayosubiri ufukweni imechelewa. Mradi unaonunua boya la gharama kubwa na kusahau makasha ya barafu umepanga mavuno bila kupanga chakula. Ningependa kuona wachakataji wakikaa kwenye kamati inayoamua siku za kuvua, kwa kuwa wao ndio wanaojua ufukwe unaweza kupokea kiasi gani bila kuoza.

Mchangiaji wa tatu:

Mkuu, mimi ni afisa uvuvi na nimefuatilia kwa makini. Umesema kiasi cha samaki kwa safari kinadanganya. Sasa tutapima kwa nini? Wafadhili wanataka takwimu, wavuvi wanataka uthibitisho, na sisi hatuna meli za utafiti.

Mtoa mada:

Afisa, kipimo hicho kina kazi yake, ila kisibaki peke yake. Jambo la kwanza ni kutenganisha. Daftari la ufukweni lioneshe kama samaki walitoka kwenye kifaa au nje yake, kwa zana gani na kwa saa ngapi. Safari zilizorudi mikono mitupu nazo ziandikwe, kwa sababu ndizo zinazosahaulika kwanza na ndizo zinazobeba habari. Samaki wa nje ya kifaa wakizidi kupungua huku wa kwenye kifaa wakibaki vilevile, hiyo ni dalili mbaya. Haimaanishi kwamba kifaa kimefanikiwa.

Jambo la pili ni urefu wa samaki. Ubao wenye alama za sentimita na mtu mmoja mwaminifu vinatosha kupima samaki kadhaa wa kila aina kila wiki. Urefu wa kawaida ukishuka msimu hadi msimu, mnavua wanaoingia tu na wakubwa wamekwisha. La tatu ni kuwa na data za kabla. Mwaka mzima wa kuandika kabla ya kushusha nanga una thamani kubwa kuliko miaka mingi ya kuandika baadaye bila cha kulinganisha nacho.

Na usitarajie jibu moja kwa pwani yote. Tafiti za vifaa vya karibu na pwani huko Timor-Leste, ambako samaki wadogo wa maji ya juu ni sehemu kubwa ya mavuno, zimeonesha faida, lakini faida hiyo ilitofautiana sana kati ya eneo na eneo. Katika Visiwa vya Solomon nako, vijiji vyenye maeneo mengine mazuri ya kuvua havikuvitegemea vifaa hivyo kama vile vijiji visivyo na mbadala. Mimi nalichukua hilo kama onyo kwa anayetaka kugawa vifaa kwa idadi sawa kwa kila kijiji ili mgawo upendeze kwenye ripoti. Kifaa kiende mahali ambapo miamba imechoka, kina kinafaa, mkondo si mkali kupita kiasi, na watu wamekwisha kukubaliana.

Mchangiaji wa pili:

Nimeelewa kuhusu barafu. Naongeza swali moja: makuti yanaoza haraka. Kwa nini tusitumie nyavu kuukuu? Zipo nyingi ufukweni na hazigharimu kitu.

Mtoa mada:

Tafadhali msitumie nyavu, dada, hata kama ni za bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu vifaa vinavyoelea Bahari ya Hindi ulikadiria kwamba papa wa aina moja tu, Carcharhinus falciformis, walikuwa wakinasa na kufa kwenye nyavu zinazoning'inia chini ya vifaa hivyo kwa idadi ya kati ya 480,000 na 960,000 kwa mwaka. Hakuna mvuvi aliyewauza, na hakuna aliyewaona, kwa kuwa waliooza walizama. Vifaa vya nanga vya pwani ni vichache na vidogo kuliko vile, lakini jicho la wavu hunasa kobe na papa mchanga kwa namna ile ile popote lilipo. Makuti kuoza ni ubora wake: yakikatika hayabaki baharini kama taka. Kazi ya kuyabadilisha kila baada ya wiki chache iingizwe kwenye zamu za watumiaji, na anayekuja kuvua siku ya zamu aje na makuti yake. Palipo na ugumu wa kupata makuti, kamba za nyuzi za asili zilizofumuliwa ncha zake zinafaa.

Mchangiaji wa kwanza:

Nimekubali suala la mduara, tutalizungumza kwenye umoja wetu. Lakini nani mwenye kifaa? Kikiwa cha mradi, siku mradi ukiondoka kitakuwa cha mwenye nguvu. Na kikikatika usiku kikaja kugonga chombo changu, nani atalipa?

Mtoa mada:

Nahodha, hapo ndipo miradi mingi inapofia. Kanuni za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, za Uvuvi wenye Kuwajibika za mwaka 1995 zinavitaja vifaa hivi waziwazi na kuzitaka nchi ziweke mfumo wa kuvisimamia, na mwongozo wa hiari wa kuweka alama kwenye zana za uvuvi uliidhinishwa mwaka 2018. Kwa sisi wa ufukweni, maana yake ni mambo yanayofanyika kwa mikono: boya liandikwe namba ya umoja unaolimiliki kwa rangi isiyotoka, liwe na taa na bendera, mahali lilipo pafahamike kwa mamlaka ya bandari na kwa vyombo vyote vinavyopita, na lisiwekwe kwenye njia ya meli. Mwenye kifaa awe umoja wenye jina, kitabu cha wanachama na mfuko wa matengenezo unaochangiwa na kila anayevua hapo, wa mshipi na wa wavu, mwenyeji na mgeni. Mgeni anayechangia ana haki ya kuvua. Mwenyeji asiyechangia hana. Kanuni hiyo ni ngumu kuitamka mbele ya ndugu na majirani, lakini bila hiyo mfuko hukauka kabla kamba haijachakaa.

Kuhusu kukatika, njia mojawapo inayotumika Pasifiki ni kuzamisha boya kuu mita kadhaa chini ya uso wa maji, ili mawimbi ya dhoruba yasilitikise na vyombo vinavyopita visiligonge. Ubaya wake ni kwamba lazima uwe na kifaa cha GPS ili ulipate, na ukaguzi unahitaji mzamiaji. Njia nyingine ni kutoa sehemu ya juu yote kabla ya msimu wa dhoruba, ukaacha nanga na kamba vikishikiliwa na boya dogo lililozama. Mimi ninaipenda hii, kwa sababu inakamilisha mambo mawili pamoja: vyombo vinakuwa salama, na vibua wanapata majuma kadhaa ya kutawanyika bila kuvuliwa. Mkutano wenu utakapokaa, wekeni tarehe ya kulitoa boya na tarehe ya kulirudisha katika karatasi ile ile ya mduara wa wavu, na mtaje kwa jina chombo kitakachokwenda kulitoa na nani atalipia mafuta yake.